Wakuu wa matangazo ya kompyuta, huu ni ujanja au ni nyodo?

Kwa wakuu wa masoko na matangazo wa Apple kule Cupertino, Microsoft kule Redmond, Intel kule Santa Clara na Qualcomm kule San Diego.

YAH: VIJEMBE MNAVYORUSHIANA, VINAVYOMWANGUKIA MTEJA

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi na muuzaji wa kompyuta za mtumba hapa Kariakoo, Dar es Salaam. Hamnijui, na sioni sababu ya ninyi kunijua. Mashine zenu hunifikia zikiwa zimeshafanya kazi miaka minne au mitano kwenye ofisi za Ulaya na Marekani, nyingine zikiwa bado na stika za namba za mali za ofisi hizo. Matangazo yenu huwahi kufika. Mteja akiingia dukani anakuwa ameshayatazama kwenye simu, na anakuja na maneno yenu mdomoni: hii ya wajanja, ile ya washamba, hii ya wasanii, ile ya makarani. Ninayebaki kuyafafanua ni mimi, na kwa kazi hiyo hamnilipi. Kwa hiyo leo naomba niwaulize jambo moja. Mnapomtaja mshindani kwa jina na kumcheka hadharani, mnadhani sisi tunaotazama tunaona akili, au tunaona nyodo?

Nianze kwa kukiri kwamba nilicheka.

Ilikuwa 2007, kwenye intaneti kafe. Mkongo wa intaneti wa baharini wa SEACOM ulikuwa bado, ulikuja kufika 2009. Tulitegemea setilaiti, na video ya nusu dakika ulikuwa unaibonyeza, unaiacha ijivute, unatoka kwenda kunywa chai na chapati, ndipo unarudi. Niliporudi niliwakuta watu wawili wamesimama kwenye weupe mtupu. Mmoja kijana, kavaa jinzi, mikono mfukoni, anasema yeye ni Mac, yaani kompyuta ya Apple. Mwenzake kavaa suti na miwani, nywele kazilaza upande, anasema yeye ni PC, yaani kompyuta inayotumia Windows ya Microsoft. Kijana ni Justin Long, wa suti ni John Hodgman, aliyewaongoza ni Phil Morrison. Apple mlitoa vipande 66 vya namna hiyo, kuanzia Mei 2006 hadi Oktoba 2009. Nilichokiona mimi siku ile kilikuwa cha virusi. PC anapiga chafya, anamwonya mwenzake asimsogelee, kwani mwaka uliotangulia pekee kulikuwa na virusi 114,000 vya PC vinavyojulikana. Mac anamjibu taratibu kwamba hivyo ni vya PC, vya Mac havimo. PC anaaga, anaanguka chini kama gunia.

Sasa fikirini nilipokuwa nimekaa. Mashine ya kafe ilikuwa na Windows XP ya kunakili, na kila flashi iliyochomekwa siku ile ilitoka na faili ambalo mwenye flashi hakuliweka. Riziki yangu mwenyewe miaka ile ilikuwa kusafisha flashi za wanafunzi wa chuo, wanaokuja mbio jioni ya kukabidhi kazi, mafolda yote yamegeuka njia za mkato. Kijembe kile hakikuhitaji mkalimani. Kilisema jambo ninalolijua kwa mikono yangu, kikalisema kwa maneno machache, kikanichekesha. Huo ni ujanja. Anayebisha ana lake.

Kicheko kilipungua siku nilipomwonyesha mtu mwingine.

Nilikuwa na mteja, mhasibu wa chama cha kuweka na kukopa, mtu mzima, shati la mikono mirefu na tai hata kwenye joto la Februari. Kompyuta yake ya mezani aliifunika kitambaa cha kufuma kila jioni, kama watu wanavyofunika redio. Nilikuwa nimehifadhi vipande kadhaa vya yale matangazo, nikamwekea atazame wakati anasubiri nimalize kumsafishia mashine. Akatazama vitatu. Hakucheka. Akaniuliza, "Fundi, huyu wa suti wanamcheka kwa kosa gani?" Nikamwambia pale hachekwi mtu, mzee wangu, inachekwa mashine. Akasema, "Mashine haivai tai. Huyu ni mimi." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza, "Na mbona hapo anayefanya kazi ni yeye peke yake? Huyo mwingine tangu nianze kutazama hajatoa mikono mfukoni."

Nimeuza kompyuta miaka mingi tangu siku hiyo, na uchambuzi wa matangazo unaoupita huo sijausikia.

Mzee aligusa penyewe. Kwa masikio, ni mashine inayozungumza. Kwa macho, ni mtu: karani, mnene kidogo, anayejivunia majedwali yake ya hesabu na chati zake za duara. Mashine ina makosa yanayotengenezeka. Betri imechoka, programu imeganda, virusi vimeingia. Leta kwangu, kesho njoo uchukue. Mtu wa aina ile hana kosa la kutengeneza, labda awe mtu mwingine. Na dawa mliyomwandikia ya kuwa mtu mwingine ni kununua kompyuta yenu.

Ukiicheka mashine ya jirani, jirani anaweza kucheka nawe, kwa sababu hata yeye imemtesa. Ukimcheka jirani kwa ajili ya mashine aliyonayo, unamtajia mshahara wake na kazi yake, na vyote viwili anavijua kabla yako.

Msidhani nawaandikia kama mtu asiyejua kutaniwa. Sisi vijembe tumezaliwa navyo. Mwanamke wa pwani akitaka kumsema jirani hamtaji. Ananunua kanga yenye maneno yake, "Hasidi hana sababu," anajifunga, anapita mlangoni pa mhusika mara mbili, na anayetoka kuuliza "unanisema mimi?" ameshajitaja mwenyewe. Miaka ya 1990 watu wa Dar es Salaam walijaza kumbi kuvitazama vikundi vya TOT na Muungano vikijibizana kwa mipasho ya taarabu, Khadija Kopa upande huu, Nasma Khamis upande ule, na watu wakaenda kutunza pande zote mbili. Mchezo huu tunaujua, na tunajua unapoharibika unaharibikia wapi.

Apple, ninyi tangazo la kanga mliwahi kulitengeneza, tena kuliko wote. Tarehe 22 Januari 1984, katikati ya fainali ya mpira wa Kimarekani: watu wamekaa kwenye mabenchi, vichwa vimenyolewa, uso mkubwa kwenye skrini unawahutubia; mwanamke anaingia mbio na nyundo, anaizungusha, anaivurumisha kwenye skrini. Aliyeongoza ni Ridley Scott. IBM, mshindani wenu mkubwa wa wakati ule, hawakutajwa hata mara moja, na kompyuta yenyewe haikuonyeshwa. Kila mtu alijua nani kavaliwa kanga.

Mwaka mmoja baadaye, kwenye fainali kama ile ile, mkaja na la pili. Wafanyakazi wa ofisini, suti na mikoba, wamefungwa vitambaa machoni, wamepanga mstari mrefu, wanapiga mluzi huku wakitumbukia kwenye genge mmoja baada ya mwingine. Mlikuwa mnatangaza mfumo mlioupa jina Macintosh Office. Yaani mlikuwa mnawauzia watu wale wale mnaowaonyesha wakijitupa gengeni! Wakala wa matangazo hakubadilika, Chiat/Day, na mwongozaji safari hii alikuwa Tony Scott, mdogo wake Ridley. La kwanza linasifiwa hadi leo. La pili linatajwa kila inapotakiwa mfano wa kumtukana mnunuzi.

Nimeyatazama yote mawili mara nyingi kuliko inavyofaa kwa mtu mwenye duka, na naona tofauti ni mahali nyundo ilipolenga. 1984 ililenga skrini, na waliokaa kwenye mabenchi walikuwa watu wa kuokolewa. 1985 iliwaangukia waliokaa kwenye mabenchi. Mengine yote, ustadi wa picha, pesa, uthubutu, yalikuwa sawasawa.

Ili nisionekane nawaonea Apple, kuna kipande kimoja katika vile 66 ambacho ningekipa tuzo mimi mwenyewe. Windows Vista ilitoka Januari 2007 ikiwa na tabia ya kuuliza ruhusa kwa kila kitu. Ninyi mkamweka nyuma ya PC mlinzi mwenye suti nyeusi na miwani ya jua. Mac akisalimia, mlinzi anauliza: Mac amekusalimia, unaruhusu au unakataa? PC anaruhusu. Akijibu salamu, mlinzi anauliza tena. Hapo hakuna tumbo la mtu wala tai ya mtu. Kuna kero moja, ya kweli, ambayo kila aliyekuwa na Vista aliipata asubuhi ile ile aliyotazama tangazo. Mhasibu wangu angecheka. Kwa bahati mbaya sikuwa nacho siku ile.

Tuje kwenye utani, maana najua mtajitetea kwamba yote yalikuwa utani.

Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19, na leo ni watani. Mtani anaweza kuja msibani kwako akalala njiani jeneza lisipite mpaka mumlipe, akamwiga marehemu alivyokuwa akitembea, na wewe mfiwa huna ruhusa ya kununa. Lakini mtani huyo huyo ndiye aliyeamka alfajiri kushughulika na mazishi yako, na siku msiba ukiwa kwake zamu ni yako. Utani una zamu. Kwenye yale matangazo, ni nani aliyemwandikia PC majibu yake? Ni Apple. Mtani gani huyo, anakutania halafu anakuandikia na cha kujibu, na kila jibu ni la kijinga?

Nadhani ndiyo sababu jambo la ajabu lilitokea: watazamaji wengi walimpenda PC. Hodgman ni mchekeshaji mzuri mno, mistari inayochekesha alipewa yeye, na kijana wa jinzi akabaki kusimama akitabasamu kama mtu anayesubiri usifu viatu vyake. Mlipopeleka tangazo Uingereza mwaka 2007 mkawachukua David Mitchell na Robert Webb, wachekeshaji wanaofanya kazi wawili wawili, na huko magazeti yakasema wazi kwamba PC ndiye mtu wa kukaa naye na Mac ni mtu wa kumkwepa. Kule Japani mliwatumia Rahmens, nao ni wawili, lakini mkapunguza makali, kwa kuwa kumcheka mshindani waziwazi huko huonekana utovu wa adabu. Jamani, kumbe kupunguza makali mnajua! Basi huku kwingine mlituona sisi hatuhitaji adabu?

Sijasema hayakuuza. Apple mliuza Mac milioni 5.3 katika mwaka wa fedha wa 2006, na milioni 10.4 katika ule wa 2009. Siwezi kuwapa wale watu wawili sifa yote hiyo. 2006 ndiyo Mac zilipohamia chipu za Intel zikaanza kuweza kuendesha hata Windows, na 2007 ikaja iPhone ikavuta watu madukani. Lakini hata mimi, kila nikipata Mac kwenye mzigo, ilikuwa haimalizi wiki. Nyodo huuza, wala sibishi. Swali langu ni zinamuuzia nani, na anayebaki nje anaondoka na nini moyoni.

Microsoft, nanyi nisiwaache. Mwaka 2008 mlijibu, na kampeni yenu iliripotiwa kuwa ya dola milioni 300. Tangazo lenyewe la kujibu lilianza na mtu anayefanana na Hodgman kabisa, mhandisi wenu, akisema yeye ni PC na kwamba wamemfanya kikaragosi. Nyuma yake wakafuata watu wa kila namna, kila mmoja anasema: mimi ni PC. Mliliona lile lile aliloliona mhasibu wangu, kwamba aliyetukanwa hakuwa Bill Gates, na mkampa aliyetukanwa nafasi ya kusema. Kwa hilo nawavulia kofia. Halafu siku chache baadaye watu wakachungulia ndani ya mafaili ya picha za kampeni hiyo kwenye tovuti yenu na kukuta zimetengenezwa kwa Mac. Hapo mnisamehe, nilicheka peke yangu dukani mpaka jirani wa vitenge akaja kuuliza kulikoni.

Mwaka uliofuata mkaja na yale ya kuwapa watu pesa waende kutafuta laptopu. Dada mmoja kapewa bajeti ya dola 1,000. Anaingia duka la Mac, anakuta kwa bei hiyo kuna moja tu, ya inchi 13. Anatoka, anasema labda yeye si wa kisasa vya kutosha kuwa mtu wa Mac, anaenda kununua HP ya inchi 17 kwa dola 699.99 na chenji inabaki. Bei ni bei. Unaweza kuingia duka lolote ukaihakiki. Baadaye Kevin Turner, aliyekuwa mmoja wa wakubwa wenu, akasimulia mbele ya washirika wenu kwamba wanasheria wa Apple walipiga simu kutaka matangazo yale yaondolewe, kwa kuwa Apple wameshusha bei. Apple, miaka mitatu mmemsema mwenzenu kila wiki, amewajibu kwa risiti ya dukani, mnaita mawakili. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Na tukiwa hapo hapo kwenye uchungu. Aprili 2012 iligundulika kwamba programu hasidi iliyoitwa Flashback imeingia kwenye Mac zaidi ya 600,000, ikipitia mwanya wa programu ya Java. Juni mwaka huo maneno ya kwenye tovuti yenu kwamba Mac haipati virusi vya PC yakaondolewa kimyakimya, yakawekwa mengine kwamba imejengwa kwa usalama. Hakuna aliyepiga chafya mbele ya ukuta mweupe safari hiyo. Mwaka 2019 mkatoa mfumo wa macOS Catalina wenye kuomba ruhusa kwa kila jambo, na watu wakauliza yule mlinzi wa suti nyeusi kahamia upande gani.

Hili si lenu peke yenu. Samsung, ingawa barua hii haiwahusu kwa kuwa nazungumzia kompyuta, waliwacheka wenye iPhone kwa kukosa tundu la spika za masikioni, wakaliondoa wenyewe kwenye simu yao ya Note 10 mwaka 2019. Oktoba 2020 wakacheka simu isiyo na chaja kwenye boksi. Januari 2021 wakatoa S21 bila chaja kwenye boksi. Matangazo na picha za vicheko hivyo wakaviondoa kwenye kurasa zao. Nyani haoni kundule, tunajua, lakini nyani wa siku hizi akishaliona anafuta na ushahidi.

Serikali zenyewe zinawaruhusu kutajana. Tume ya Biashara ya Marekani ilitoa msimamo mwaka 1979 kwamba kumlinganisha mshindani kwa jina kunamfaa mnunuzi, ilimradi kinachosemwa ni kweli na ni wazi. Naafiki. Zamani kila sabuni ililinganishwa na "sabuni nyingine" isiyo na jina, na nani atakwenda kuihakiki? Umoja wa Ulaya ulitoa agizo mwaka 1997 lililoruhusu kwa masharti: mlinganishe sifa za maana zinazoweza kuthibitishwa, na mshindani asidhalilishwe. Ni masharti mazuri. Ila tazameni yanamlinda nani. Yanamlinda mshindani. Mteja wa mshindani hayumo. Microsoft wakidhalilishwa wana mawakili ghorofa kwa ghorofa. Mhasibu wangu ana kitambaa cha kufuma.

Na hata penye namba hamwachi kupepesa. Mwaka 2003 Apple mlitangaza Uingereza kwamba Power Mac G5 ndiyo kompyuta binafsi yenye kasi kuliko zote duniani. Watazamaji wanane walilalamika, na msimamizi wa televisheni akaamua tangazo lisirushwe tena. Wanane tu! Mei 2024 Microsoft mkasema laptopu zenu mpya zinaipita MacBook Air ya Apple yenye chipu ya M3 kwa hadi asilimia 58 katika kazi nzito za mfululizo. Hilo neno "hadi" linachapa kazi kuliko mhasibu mwezi wa kufunga mahesabu. Tena mmechagua kuishindanisha katika kazi za mfululizo mashine isiyo na feni. Mimi ninayezifungua kwa bisibisi najua maana yake: mmemshindanisha mbio ndefu mtu aliyevaa koti la baridi. Namba ni ya kweli, sawa. Lakini mteja asiyejua habari ya feni ataichukua kama ilivyo.

Intel na Qualcomm, ninyi watengenezaji wa chipu nitawagusa kwa ufupi. Apple walipowaacha Intel Novemba 2020 kwa chipu zao wenyewe, Machi 2021 Intel mkamchukua Justin Long, yule yule kijana wa jinzi, mkamsimamisha aseme sasa PC ni bora. Mwaka huo huo mkuu wenu wa wakati huo, Pat Gelsinger, akasema hadharani kwamba anatumaini kuirudisha biashara ya Apple. Kwetu hilo tunalijua: mtu kaachwa, anamtangaza vibaya mtaa mzima aliyemwacha, na usiku anatuma washenga. Mwaka 2024 Qualcomm nanyi mkamchukua Long huyo huyo mseme yenu. Kijana kapata riziki, Mungu amzidishie. Ila mtu aliyesema "mimi ni Mac" akisema kesho "mimi ni wa upande huu" hajanipa habari yoyote ya mashine. Kanipa habari ya mkataba.

Na hapo hapo, mkutano ule wa Novemba 2020, Apple mlimrudisha Hodgman peke yake mwishoni, na suti yake, anajigamba. Safari ile nilicheka tena kama 2007, kwa sababu mwenzake hakuwepo wa kumtazama juu hadi chini, na kwa sababu mashine mliyokuwa mnaizungumzia ilipokuja kufika mezani kwangu niliifungua, feni haimo, na chaji yake ilivumilia siku nzima ya wateja kuijaribu.

Ninachoomba si mwache kutaniana. Mkinyamaza mtarudi kwenye video za milima na muziki wa piano, ambazo mteja akizitazama hajui kama mnauza kompyuta au bima ya maisha. Taniani. Mtajane kwa majina. Onyesheni bei ya mwenzenu na betri yake na kero yake, na mkitaka mletee mlinzi wa suti nyeusi mwingine. Ila kabla hamjarusha tangazo, mtafuteni mtu mmoja anayetumia mashine mnayoicheka, aliyeinunua kwa pesa yake baada ya kuzihesabu mara mbili, mkalieni pembeni mumtazame usoni likichezwa. Asipocheka, msimwambie haelewi utani. Muulizeni yeye ni nani pale kwenye picha.

Mkikosa wa kumjaribia huko kwenu, mimi duka langu linafunguliwa saa tatu asubuhi. Wiki iliyopita aliingia binti wa chuo anatafuta laptopu ya shilingi laki sita. Nikamtolea mbili, akazipima kwa mkono uzito, akauliza chaji inakaa muda gani na kibodi ikimwagikiwa chai inakuwaje. Nikamjibu. Alipokuwa akilipa akashusha sauti akaniuliza kama wenzake wenye Mac watamcheka darasani. Sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa mliomfundisha kuuliza hilo ni ninyi.

Natanguliza shukrani.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi, Kariakoo

NAKALA: Mhasibu (sasa mstaafu), kwa taarifa.